Kiti cha Mdhamini

Tunu alipopata leseni, alishika simu akaanza kulinganisha bima. Bila bima gari halikuwaka, na kwa dereva mpya kampuni zote zilidai kitu kimoja: ndugu wa damu wa kumdhamini, akae mahali pamoja bila kuinuka, muda wote gari likiwa barabarani. Akiinuka, gari linazima.

Kampuni ya kwanza ilitaka mdhamini akashinde ofisini kwao. Ya pili ilitaka achomwe sindano ya usingizi. Ya tatu ndiyo iliyokuwa na huruma: ingeleta kiti nyumbani, na mdhamini angeruhusiwa kunywa chai.

"Chukua hiyo ya kiti," alisema mama yake, akijikanda goti. "Kwani mimi siku hizi natoka kwenda wapi?"

Tunu hakuwa na ndugu mwingine. Akakubali.

Kiti kikaja, kizuri, cha mito laini. Asubuhi ya kliniki mama alivaa kanga mpya, akajikongoja hadi kwenye gari walilolinunua kwa kudunduliza, kwa ajili ya miguu yake hiyo hiyo. Tunu akawasha. Gari likagoma. Akawasha tena, kisha wakatazamana.

Tunu alitoa simu, akazipekua kampuni zote upya. Mama hakungoja amalize. Alishuka, akarudi ndani polepole, akaketi. Nje gari likanguruma.

"Nenda, mwanangu," aliita kupitia dirishani, mkoba ukiwa bado mapajani. "Mwambie daktari mguu wa kushoto ndio unaoniuma zaidi."