Doa la Ukutani

Rangi ilibambuka tena, palepale pa juzi, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi chini. Mwanasiti akaivuta kwa kucha, nayo ikamfuata mkononi kama ganda la kitunguu. Chumba kizima kilikuwa kimependeza isipokuwa hapo, na mke mpya wa baba yake alikuwa anaingia Ijumaa.

“Ukuta huu una unyevu, Baba.”

Mzee Hatibu alikuwa amesimama mlangoni.

Mwanasiti akalipapasa lile doa. Halikuwa na maji, lakini vidole vyake viliteleza. Akavinusa. Mafuta ya nazi, yale ya kuchemshwa na rihani.

Hapo ndipo marehemu mama yake alipokuwa akiketi kila alasiri kusuka ukili wa mikeka, kichwa chake kilichopakwa mafuta kimeegemea ukutani. Miaka yote hiyo ukuta ulikuwa ukiyanywa.

“Baba, ulijua?”

“Rangi haishiki juu ya mafuta, mwanangu. Paoshwe kwa sabuni na maji ya moto, papigwe msasa, ndipo upake.”

“Sasa mbona hukuniambia?”

Mzee akatazama pembeni. “Lete maji. Nitapasugua mwenyewe.”

Aliporudi na ndoo inayofuka mvuke, alimkuta baba yake ameketi sakafuni, kofia kaivua, kichwa amekiegemeza palepale. Kipande cha sabuni kilikuwa kikavu kiganjani mwake.

Mwanasiti akaitua ndoo taratibu, akaketi kando yake. Maji yakaanza kupoa.