Ugali wa Kibali

Mahindi yote ya nchi huenda kiwandani kuwa spiriti ya magari, nasi hurudishiwa machicha yake. Tunayakausha, tunayasaga, tunasonga ugali wa kahawia wenye uchachu. Silalamiki. Bwenini nilifunzwa kula kinachopakuliwa na kumaliza sahani.

Mwaka huu, nilipotimiza miaka sabini, nilipewa kibali cha kilo moja ya unga wa mahindi. Nilitaka mjukuu wangu Atupele aonje, walau mara moja, chakula kilichonikuza. Mke wangu Subilaga aliusonga kwa heshima, ukatoka mweupe.

Atupele alimega tonge, akatafuna polepole.

“Babu, hii ndiyo adhabu mliyopewa bwenini?”

“Tafuna vizuri.”

“Nimetafuna. Hauna ladha. Bibi, ule wetu wa mchana umebaki?”

Subilaga akacheka, akamletea. “Na kibali amekisubiri miezi minane, masikini.”

Nilimaliza sahani yangu, kisha ya mtoto, kama inavyopasa, nikawaambia kuwa ugali ule haukuwa na kasoro yoyote. Kisha nikanyoosha mkono kwenye bakuli la Atupele, nikamega ule wa machicha tonge moja, nikaongeza la pili, na hakuna aliyeshangaa ila mimi.