Koromeo la Brayan

Brayan alitema ndani ya ndoo, na watu wote wakampigia makofi.

Fausta hakupiga. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, mkoba magotini, macho yamenasa kwenye koo la yule kijana. Koromeo halikupanda wala kushuka. Akashusha pumzi. Huo ulikuwa mvinyo wa kwanza tu.

Alikuwa ametoka Isansa asubuhi kwa jambo hilo moja. Brayan alishaleta posa kwa binti yake, Angel, na kijana mwenyewe hakuwa na kasoro: anasalimia vizuri, kanisani anaonekana. Ila kazi yake! Hapo Tunduma anawafundisha wahudumu wa hoteli namna ya kuonja vileo na kumweleza mteja. Marehemu baba Angel aliwahi kuinywea pombe kahawa ya msimu mzima ikiwa bado mtini. Siku waliyomzika, Fausta alimwahidi Mungu kwamba mlevi mwingine hataingia kwenye ukoo ule.

"Nitakuja kukaa darasani kwako," alimwambia Brayan. "Ukimeza hata tone, posa yako uje uichukue."

Pembeni yake alikaa Enesi, mama yake Brayan, mjane mwenzake wa kutoka Ndalambo. Naye alikuja bila kuitwa. Mwanawe alipoinua glasi, Enesi aligeuza uso, akatazama pazia la mlango wa nyuma. Fausta akamhurumia. Anaona haya, masikini.

"Glasi ishike kwenye mguu," Brayan aliwaambia wahudumu. "Iinamishe juu ya kitambaa cheupe, uone rangi. Izungushe. Sasa pua kwanza, mdomo baadaye."

Pua zote zikaingia kwenye glasi.

"Huu ni wa zabibu za Dodoma. Ulimi unakauka kama umeng'ata ndizi mbichi, sivyo? Si ubovu huo. Ukavu huo ndio unaokata mafuta mdomoni. Mteja akiagiza kitimoto, mletee huu."

"Ticha, mbona tunatema?" aliuliza mhudumu mmoja, Watson. "Kwetu ukitema kinywaji cha mtu, mnagombana."

"Ukimeza wa kwanza na wa pili, Watson, wa tatu utausifia hata kama ni maji ya betri. Mtu aliyemeza anasifia kila kitu."

Wakacheka. Fausta naye alitaka kucheka, akakumbuka alichokuja kufanya.

"Mama, hebu nusa tu hii," Brayan alimsogezea glasi kwa mikono miwili.

"Nimeokoka, baba. Hata pua imeokoka."

Angel alikuwa amejitolea kuosha vyombo. Alipita na sinia, akakusanya glasi zilizobaki nusu, maana wale wanafunzi walikuwa wakionja kidogo na kutema. Akapotelea nyuma ya pazia. Muda si mrefu akarudi na glasi zinang'aa.

"Binti yako anaipenda hii kazi," Enesi alinong'ona.

"Tangu mdogo," Fausta alijibu. "Mimi huyu sijawahi kumsukuma kwenye vyombo."

Ikaja brandi, kisha wiski. Brayan akawaonya wasiichomeke pua ndani ya glasi, wainuse kwa mbali kama mtu anayechungulia chumba cha wakwe. Akawaambia wiski ile ililala miaka kwenye pipa la mbao.

"Inanukaje?"

"Kama kihenge cha bibi," alisema Watson. "Moshi moshi."

"Umepata! Andika hivyohivyo."

Akasukutua, akainamia ndoo, akatema. Fausta alikuwa amesogeza kiti mbele mpaka magoti yakakaribia meza. Koromeo la kijana lilitulia kama limegongelewa msumari. Chumba kizima kilinuka pombe, lakini yeye alisikia amani ambayo hakuwa ameisikia tangu posa ilipoingia nyumbani kwake. Mtu anayeweza kuiweka mdomoni na kuitoa! Marehemu hakuwahi kuitoa.

Angel akatoka nyuma kuchukua sinia la mwisho, uso unameremeta. Akamwambia Watson viatu vyake ni vizuri. Akalisifia pazia. Akamkumbatia Enesi shingoni, akambusu shavuni.

"Mama yangu mwingine, kitenge hiki kimekukaa! Na ile ndoo, jamani, ndoo nzuri ile."

Fausta alijaa furaha. Wasichana wengine wakifika mbele ya mama mkwe wanakuwa mabubu. Wa kwake ana ulimi wa heshima.

Wahudumu walipoondoka, alisimama, akashika mkono wa Brayan, akamgeukia Enesi.

"Mkwe, mimi si mtu wa kuambiwa, ni mtu wa kuona. Leo nimeliangalia koo la mwanao kuanzia kinywaji cha kwanza mpaka cha mwisho. Hajameza. Mbele za Mungu nasema, Angel ni wenu. Mchukueni."

Brayan alikuwa anatazama viatu vyake. Nyuma ya pazia, Angel alianza kuimba pambio kwa sauti ya juu, akarukia ubeti wa tatu, akarudi wa kwanza.

Enesi alijifunga kitenge vizuri, akachukua mkoba wake.

"Huyu namjua, mkwe, hamezi," alisema taratibu. "Mimi nilikuja kumwangalia wa kwako. Glasi zote zimeingia pale nyuma zina kitu ndani, na sijasikia hata moja ikimwagwa."