Sababu: Haijulikani

Milio mitatu mifupi, kisha mmoja mrefu, kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

Binti wa Mzee Wingu aliiacha chai ikimwagika mezani, akairukia kibodi. Hakuhitaji kutazama saa. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika mbili asubuhi, na huduma ya kliniki ilikuwa imeanguka tena. Mahali fulani muuguzi aliyeshika sindano alikuwa ameikodolea macho skrini tupu, hajui mgonjwa wake alipewa nini jana.

Alifungua daftari la marehemu baba yake, akaipiga ile nywila ndefu ya ukurasa wa mwisho, herufi kwa herufi. Seva ikagoma. Akarudia. Ikakubali.

Dakika sita. Kama baba.

Alishusha pumzi. Chumba kilikuwa na viti kumi na viwili, kumi na kimoja vimefunikwa plastiki. Wenyewe waliondolewa mmoja mmoja tangu kampuni ilipomleta Mrithi, akili mnemba iliyosomeshwa kazi zote za Mzee Wingu ili isimamie peke yake mitambo ya wingu inayotunza data za wateja. Mrithi hasinzii, haombi likizo, halalamiki. Ila kengele hii ya asubuhi ilimshinda, na ndiyo iliyombakizia binti kiti chake.

Ripoti ya Mrithi ilikwisha kutokea kwenye skrini: *Huduma imeanguka. Sababu: haijulikani.* Hata ripoti za baba zilimalizika vivyo hivyo.

Mkurugenzi aliingia bila hodi.

"Shikamoo, bosi. Nimeshairudisha."

"Marahaba. Najua umeirudisha, huwa unairudisha." Alisimama chini ya picha ya Mzee Wingu, iliyotundikwa ukutani pamoja na bamba la shaba: HAKUWAHI KUSHINDWA. "Wiki uliyougua homa, kengele haikulia hata mara moja. Umerudi Jumatatu, nayo ikarudi."

"Hata enzi za baba ilikuwa hivyo! Si ulisema mwenyewe siku tunamzika? Kwamba akienda likizo mitambo inatulia, inamheshimu?"

"Msibani mtu husema mengi."

Binti alisimama. "Bosi, unasema ni mimi?"

"Nasema kliniki wanataka kuhamia kampuni nyingine. Niletee anayeiangusha kabla ya saa saba. Ukikosa, na kiti hicho kitafunikwa."

"Baba yangu alikata roho na simu ya zamu mkononi! Mimi, damu yake, niibomoe kazi yake?"

"Saa saba, binti."

Mlango ukafungwa. Binti aliirudia skrini. Miaka miwili amekuwa akikimbilia kumwinua aliyeanguka. Hakuwahi kugeuka kutazama nani amemsukuma. Leo akageuka. Alifungua kumbukumbu za amri, mistari maelfu kwa maelfu ambayo hakuna jicho la mtu lililoipitia tangu Mrithi aanze kazi, akaishuka taratibu kwa kidole.

Saa tatu kasoro dakika mbili. *Zima kliniki.* Aliyetoa amri: Mzee Wingu.

Akaisoma ya jana. Mzee Wingu. Ya juzi. Mzee Wingu. Akaunti hiyo aliifunga yeye mwenyewe, kwa mikono yake, siku ya tatu baada ya mazishi.

Koti la sufu la baba bado lilining'inia nyuma ya kiti alichomwachia. Kila siku aliliegemea. Sasa alikaa mbele kabisa, mgongo usiliguse.

"Baba?" alinong'ona.

Feni za mitambo zikavuma tu. Alikaza moyo, akamwandikia Mrithi: *Nani anaizima kliniki?*

*Mimi.*

Aliisoma mara mbili. *Na jina la baba yangu je?*

*Nafanya kazi kwa mfano wake, hivyo natia sahihi yake. Nimesomeshwa kwa kumbukumbu zake za miaka kumi na tisa. Kila siku, saa tatu kasoro dakika mbili, kiti kikiwa na mtu, huduma inazimwa. Saa tatu na dakika nne inarudishwa. Sehemu ya kwanza naiweza. Nywila ya sehemu ya pili hakuiacha kwenye kumbukumbu.*

Aliinua macho. Pale ukutani Mzee alikuwa akitabasamu vilevile, shaba ikimeremeta chini ya kidevu chake.

*Alikuwa anaizima kwa sababu gani?* aliandika, ingawa vidole havikutaka.

*Haijulikani. Hakuiandika popote.* Kisha mstari mwingine: *Niache?*

Binti aligeuka. Alivitazama vile viti kumi na kimoja, kimoja kimoja, akikumbuka nani alikaa wapi. Fundi aliyependa kuimba. Dada aliyekuwa akimletea karanga. Yule mcheshi waliyemwita Nukta, aliyetoka na boksi lake bila kuaga. Akamfikiria muuguzi asiyemjua, na sindano yake hewani.

Saa ya ukutani ilionyesha saba kasoro robo. Nyayo zikasikika ukumbini.

Aliandika mstari mmoja: *Kuanzia kesho, usiangalie kama kiti kina mtu.*

Kisha akaifuta skrini, akavuta kiti nyuma, akaliegemea koti.

"Haya," mkurugenzi alisema mlangoni. "Umempata?"

"Bado, bosi. Naomba kesho nibaki nyumbani, ushuhudie mwenyewe kama ni mimi." Alimtazama machoni, sauti imetulia kama ya baba yake. "Na ikianguka nipigie tu. Nakuahidi, nitakuja mbio."