Hii Hujaiona

Jumanne, tarehe kumi na moja Juni. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu na baridi ya kuingia mifupani. Fundi friji alikuwa ameshakaa kwenye kochi, blanketi magotini, rimoti mkononi.

"Mama Kamanda, njoo upesi! Hii hujaiona."

"Nakuja, baba."

"Mimi na Kamanda tumeiona juzi. Mashujaa wote sita ndani ya filamu moja! Ila mwisho sikwambii, hata unipigie magoti."

"Usiniambie," mkewe alisema. Akamfunga kifungo cha shati kilichoachwa wazi, akaketi kando yake.

Wageni watatu walikaa nyuma yao kwenye viti vya plastiki: dada yake fundi, ambaye alikuwa muuguzi, mchungaji wao, na jirani wa mlango wa pili. Dada alikuja kwa jambo moja. Tangu ile ajali ya gari, kaka yake hakuweza kushika jambo jipya. Akilala na kuamka, jana yote imefutika. Hilo alishalizoea. Lakini sasa alikuwa amesikia kwamba kaka yake analia kila mchana, na leo alitaka kujua sababu. Asipoipata, angemhamishia kwake.

Filamu ikaanza. Mke alikuwa ameitazama mara zisizo na idadi. Siku ya kwanza ilimpumbaza. Baadaye akaanza kuona nyufa. Mashujaa waligombana ili muda upite tu. Adui hakusema hata mara moja anautakia nini ulimwengu. Vichekesho vilikuwa vimechacha. Na pale darajani, nyuma kabisa, kulikuwa na dereva wa basi la buluu ambaye hakuna aliyerudi kumwokoa. Ukiitazama mara moja humwoni. Siku hizi mke hakuona mwingine.

Lakini sehemu moja haikuchuja. Shujaa mdogo kabisa amebaki peke yake, mkono umevunjika, na wenzake wanatokea mmoja mmoja kwenye moshi. Hapo fundi aliruka kochini kama mtu aliyeona goli.

"Umeona? Umeona, Mama Kamanda?"

"Ai! Sikutegemea kabisa!" Mke aliweka kiganja mdomoni, palepale, kama kila siku.

Mchungaji alimtazama, akatikisa kichwa kwa heshima. Kanisani walikuwa wakimtaja kama mfano: mwanamke anayeshangaa upya kila siku ili mumewe afurahi.

Majina yalipoanza kupanda kwenye kioo, fundi alikuwa akicheka hadi anashika mbavu. "Kamanda akitoka shule tumwekee tena. Kwani yuko wapi?"

Mke alifungua mdomo. Dada akamtangulia.

"Yuko kwangu, kaka. Leo analala kwa shangazi yake."

"Wewe! Utamharibu mtoto kwa kumdekeza." Fundi alipiga mwayo, akajikokota hadi chumbani.

Dada alisubiri hadi akasikia mkoromo. "Hivyo ndivyo daktari alivyotuagiza. Kamanda yuko kwa shangazi, basi. Akiambiwa ukweli leo, amefiwa leo. Akiambiwa tena kesho, amefiwa upya kesho."

"Basi kuna mtu anamwambia," jirani alisema. "Ukuta wetu ni karatasi, jamani. Mtu akipiga chafya huku, mimi kule nasema pole. Filamu ikiisha nasikia kicheko. Kidogo tu, mayowe. Mwanamume mzima analia hadi sauti inakauka."

"Labda filamu yenyewe inamkumbusha," mchungaji alisema.

"Au watoto wa hapo nje, hawana adabu wale." Dada akamgeukia mke. "Wifi, nimchukue tu. Na wewe upumzike."

Mke aliteremka kwenye kochi, akapiga magoti sakafuni. "Usininyang'anye mume wangu, wifi. Mwanangu ameshakwenda. Niachie huyu."

Dada alifuta macho. Alikumbuka siku ya mazishi ya Kamanda, baada ya ile ajali. Kila mtu alijua kwamba fundi alikuwa amekunywa, na kwamba funguo za gari alizipokonya mkononi mwa mkewe. Hata hivyo mke hakumlaumu kwa neno moja. Moyo wa namna hiyo, aliwaza, Mungu haumbi kila siku.

"Haya, inuka. Abaki."

Mchungaji aliomba. Aliomba polepole, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni: nyumba hii ipate amani, na aliyevunjika asivunjwe tena. Kisha akataka kila mmoja aahidi kwa sauti, mbele ya wenzake, jinsi atakavyomtunza fundi.

"Mimi naahidi," jirani alisema, "mtoto nikimwona kwenye dirisha lile, ni mimi na yeye na ufagio."

"Naahidi Kamanda atakuwa kwangu hadi nife," dada alisema.

Mke aliinamisha kichwa. "Mimi niache, Mchungaji. Nikiahidi mbele za Mungu, siwezi kudanganya."

"Ndiyo maana nataka kukusikia wewe kuliko wote, mama."

Mke alisimama, akajifuta viganja kwenye sketi.

"Naahidi mbele za Mungu na mbele yenu," alisema kwa sauti yake ileile ya upole. "Kesho nitamwekea tena. Nitamwacha acheke hadi mwisho. Halafu nitamwambia Kamanda yuko wapi, na ni nani alikuwa ameshika usukani."