Filimbi Baada ya Honi Mbili

Dereva alipiga honi mara mbili, akapunguza moto wa injini, akafungua kidirisha na kusubiri. Filimbi ikamjibu kutoka mitini: mlio mmoja mrefu, wenye kijimkia kinachopanda mwishoni. Chini hapakuwa na mtu, na mwenye filimbi ile walikuwa wamemzika miezi mitatu iliyopita.

Mashine ya kuvuna miti haina masihara. Mkono wake wa chuma unalikumbatia shina, msumeno unakata chini kabisa, mti unalazwa na kuchunwa matawi kama mtu anavyomenya muwa, na yote hayo hujamaliza kupiga chafya. Ndiyo maana msitu ule ulikuwa na sheria yake. Dereva anapiga honi mbili. Mtia alama, yule anayetembea chini na kopo la rangi akionyesha miti ya kukatwa, anasogea mbali, kisha anapuliza filimbi. Bila filimbi, msumeno haugusi mti.

Mtia alama wake alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Mtu wa utani huyo, hata wakati wa kula hakuiacha filimbi. Alikaa kwenye kisiki na mkate wake, akapuliza, akatega sikio, akapuliza tena, akacheka peke yake. Dereva alimwonya mara mia kwamba kile si kitu cha kuchezea. Aliambulia kuchekwa tu.

Siku ile alipiga honi, akasikia filimbi, akakata. Mdogo wake alikuwa bado yuko nyuma ya mti ule ule.

Msimamizi wa kazi ndiye aliyeleta shati la marehemu nyumbani. Filimbi ilikuwa ndani ya mfuko wa kifuani, na mfuko umefungwa kwa kifungo. Mama yao alikifungua kile kifungo taratibu, mbele ya watu, akaitoa filimbi, akauliza swali moja tu.

"Ulisubiri?"

"Nilisubiri, mama. Niliisikia kwa masikio yangu."

Mama aliitazama filimbi, akaingia nayo chumbani. Tangu siku hiyo alimwandalia mwanawe chakula na kuondoka kabla hajakaa. Hakumtukana wala kumlaani. Laiti angemlaani, maana aliyelaaniwa anajua pa kuanzia kuomba radhi. Nyumba nzima ilinyamaza kama maji mtungini.

Baada ya msiba ule, ilipigwa marufuku mtu yeyote kuwepo chini ya miti mashine ikifanya kazi. Miti ikawa inatiwa alama siku moja kabla. Honi ilibaki kwa mazoea tu, na hapo ndipo filimbi ilipoanza kujibu.

Wala si dereva peke yake aliyeisikia. Wakataji wa misumeno ya mkono waliisikia pia. Wawili waliacha kazi, na wa tatu, aliyejitia ujasiri, akawa haendi hata kujisaidia bila kusindikizwa. Walisema marehemu anapuliza filimbi ambayo kaka yake hakuisubiri. Waliyasema hayo pembeni, lakini yalimfikia. Naye mwenyewe, akilala chali kitandani, akaanza kuwa na shaka. Huenda siku ile hakusikia kitu. Huenda alikuwa na haraka, na masikio yakampa alichokitaka. Hilo lilimtafuna kuliko ukimya wa mama.

Siku ya kumaliza kipande kile cha msitu, mistari miwili ya miti ikiwa imebaki, mama alikuja. Alivaa koti la mvua la marehemu, mikono ya koti ikimzidi. Msimamizi akamsimamisha kando, penye bendera ya mpaka wa usalama. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nani angemfukuza?

"Piga," alimwambia dereva, aliyekuwa amezima injini, bila salamu.

Dereva akapiga honi mbili. Filimbi ikajibu, na kijimkia chake.

Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Halafu akaanza kuzungumza na miti, kwa sauti ya kawaida, kama anazungumza na mwanawe aliyeko chumba cha pili. Alimwambia kwamba shangazi amepona mguu. Alimwambia kwamba kitanda chake hakijalaliwa na mtu. Uso wake uling'aa, jambo ambalo nyumbani lilikuwa limesahaulika. Kisha akageuka kuitazama mashine, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akamwita dereva kwa neno ambalo dereva alikuwa amelikosa.

"Mwanangu, anakudai ukweli. Mwambie hukumsubiri, apumzike. Ukimwambia, na mimi nitakusamehe."

Dereva aliinua macho ili machozi yasidondoke. Kiti chake kilikuwa juu sana, usawa wa matawi. Kwenye tawi kavu, hatua moja kutoka kiooni, alikaa ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa, wala hakuiogopa mashine. Chini, kwenye kisiki ambacho mdogo wake alizoea kukalia akila, palikuwa na kopo lake la zamani la rangi.

Akapiga honi mbili tena.

Ndege akajaza kifua, akafungua mdomo. Mlio mmoja mrefu, na kijimkia kinachopanda mwishoni. Kumbe siku ile masikio hayakumdanganya.

Dereva akashusha kioo chote. Kidole chake kilikuwa kimeshaanza kuinuka kuelekea tawini. Kule penye bendera mama alikuwa amefumba macho, ameikumbatia filimbi kifuani, anatabasamu.

Kidole kikashuka.

"Nisamehe, mdogo wangu," dereva alisema kwa sauti kubwa, mama asikie. "Sikusubiri."

Halafu akapiga honi mbili, ili mama ajibiwe.