Mlango wa Jike

Badi aligandisha jiwe la mwisho la pango dogo, akalizamisha pango hilo katika tangi la kioo sebuleni. Kisha akaupima mlango wake kwa uzi mwekundu: samaki jike apenye, dume abaki nje akilinda.

"Akishaingia kutaga, dume hamruhusu kutoka," alimweleza mkewe, Tunu, ambaye kesho yake angekwenda kujifungulia kwao, kama ilivyo ada ya mimba ya kwanza.

"Na akitaka kwenda kwao?"

Badi alicheka. "Kwao si ndimo humo!"

Jike aliingia. Dume akauziba mlango.

Tunu akaona heri aondoke leo hii. Alikwenda chumbani kuchukua begi lake, hakulikuta. Alipogeuka, Badi alikuwa kizingitini, ameunyoosha uzi ule ule kutoka mwimo hadi mwimo, unachuruzika maji.